Darsa ya Ramadhani 14: Habib Swaleh wa Lamu na watu aliowafungulia mlango

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo ni Ramadhani 14. Nusu ya mwezi ndiyo hiyo inatuponyoka. Mola azikubali funga zetu na visimamo vyetu vya usiku. Darsa ya leo ni ndefu kidogo. Kama unaisoma mchana na usingizi unakuchukua, iweke kando, uje uisome baada ya tarawehe ukiwa na kikombe chako cha kahawa.

Nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye wengi wenu mmelizuru kaburi lake. Mmepanda basi mpaka Mokowe, mkashuka, mkaingia kwenye mashua, mkavuka mpaka Lamu katika mwezi wa Mfungo Sita. Mmeswali Msikiti wa Riyadha. Mmesikia matwari, mmefuata zefe, mmerudi nyumbani na halua na picha kwenye simu. Lakini ukimuuliza mtu aliyerudi Lamu, huyo Habib Swaleh alifanya nini hasa, majibu huwa mafupi. Alikuwa walii. Alikuwa sharifu. Alikuwa na karama. Basi.

Hayo yote hatuyapingi. Lakini karama ni jambo la Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye, mimi na wewe hatuwezi kuiga karama. Kazi ndiyo tunayoweza kuiga. Na huyu bwana alifanya kazi. Tuisome leo kazi yake, ili siku ukisimama tena pale kaburini ujue umesimama mbele ya nani.

*Mji aliouingia*

Jina lake ni Sayyid Swaleh bin Alawi, wa ukoo wa Jamalilail. Huu ni ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut, uliofika pwani yetu zamani sana na kuenea Pate, Lamu na visiwa vya Ngazija. Yeye mwenyewe alizaliwa Ngazija, katikati ya karne ya 19. Akaja Lamu akiwa kijana. Inasimuliwa kwamba safari yake ya kwanza alikuja kutafuta matibabu, akiwa na jamaa zake wa ukoo huohuo mjini. Baadaye akarudi, akaweka makazi, na Lamu ndipo alipoishi na kufia.

Sasa hebu ifikirie Lamu ya wakati ule. Wale ambao hamjafika, ni mji ulioko kisiwani, mbele yake bahari, nyuma yake vichuguu vya mchanga. Upande mmoja kuna Mkomani, penye nyumba za mawe, nene kuta zake, zenye daka mbele na zidaka ndani. Huko waliishi waungwana. Upande wa pili ni Langoni, penye nyumba za udongo na makuti. Huko walikaa wageni na watu wa chini, Wangazija, Wabajuni waliohamia, Washihiri waliokuja kutafuta riziki ya kuchukua mizigo na kuuza maji, pamoja na watumwa na watu waliokuwa watumwa. Ng'ambo ya bahari, upande wa bara, kulikuwa na mashamba, na waliolima mashamba yale walikuwa watumwa.

Tusilipake rangi jambo hili kwa sababu ni la kwetu. Watumwa walikuwako, na mabwana zao walikuwa Waislamu waliosali safu ya kwanza. Biashara ya kusafirisha watumwa baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza. Lakini utumwa wenyewe, yaani mtu kumilikiwa na mtu, kwenye pwani hii ya Kenya uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo Habib Swaleh alipokuwa kijana, na mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, kila asubuhi alikuwa akipishana njiani na watu wanaomilikiwa.

Katika mji kama huo elimu ya dini ilikuwa na mipaka yake. Haikuandikwa mahali, lakini kila mtu aliijua. Elimu ilikuwa alama ya uungwana. Mtoto wa nyumba ya mawe alisomeshwa, akajua nahau, akajua fiqhi, akakaa na wanavyuoni. Mtumwa alifundishwa shahada na namna ya kusali, na chini ya hapo kidogo, yale yanayomtosha kuchinja, kutawadha na kumtii bwana wake. Kusoma kitabu na kukielewa haikuwa yake. Ukiangalia vizuri, huu ulikuwa mnyororo mwingine, na wenyewe haukufungwa mguuni.

*Aliyeweza kukaa juu, akashuka*

Kijana huyu alikuwa na kila sababu ya kukaa Mkomani. Nasaba anayo, na nasaba katika Lamu ilikuwa mali kubwa kuliko fedha. Mtu wa nyumba ya Mtume (s.a.w.) alikuwa akibusiwa mkono hata akiwa hana shilingi. Jamaa anao mjini. Na elimu aliitafuta kwa wakubwa. Miongoni mwa waliomsomesha ni Sayyid Mansab, mwanachuoni na mshairi aliyejulikana pwani yote. Angeweza kuoa vizuri, akapewa chumba kwenye nyumba ya mawe, akawa anaalikwa kwenye karamu na maulidi ya wakubwa, akala, akaombewa umri mrefu. Maisha yangemwendea hivyo na pengine leo tusingelijua jina lake.

Yeye akaenda kukaa Langoni. Akawa na kibanda chake huko, na watu aliowakusanya kumsomea walikuwa ni wale wa huko, watumwa, waliokwisha achwa huru, Washihiri wachukuzi, Wangazija wenzake, watu ambao mji uliwajua kwa kazi zao tu, na majina yao haukuyajali. Akawafundisha dini, na aliwafundisha kama anavyofundishwa mtoto wa muungwana.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Sisi leo tukisoma tunaona ni jambo jema tu, mwalimu anafundisha maskini, nani atakasirika? Lakini wakati ule lilikuwa jambo zito. Mtumwa akisoma fiqhi atajua haki zake mbele ya Mungu. Atajua kwamba yule bwana wake naye ana hesabu ya kutoa. Atajua kusoma mkataba wa ndoa, atajua mirathi. Na mtu akishakaa miaka mitano na kitabu huwezi tena kumwita kwa kupiga kofi kama unayemwita mbwa. Kwa hiyo kumfundisha mtumwa ilikuwa ni kuugusa mji mahali panapouma.

Mji ulinung'unika. Wapo waungwana waliomwona anaharibu mila, anachanganya watu, anashusha heshima ya elimu na heshima ya usharifu wake mwenyewe. Alisemwa, na alipingwa. Jambo la kufaa kulisoma hapa ni kwamba hakuacha, na wala hakufanya vita. Hakuwatangazia watu wa Mkomani kuwa ni makafiri, hakuugawa mji makundi mawili ya kupigana. Aliendelea kusomesha. Siku ya pili wanafunzi walikuja tena, na ya tatu tena, na baada ya miaka hata baadhi ya watoto wa nyumba za mawe wakawa wanashuka Langoni kuja kusoma.

*Msikiti wa bustani*

Darsa zilikua, kibanda hakikutosha. Akapata kiwanja pembeni mwa mji wa wakati ule. Mahali hapo, karibu na mwaka 1900, ndipo ulipoanza msikiti na chuo tunachokijua kwa jina la Riyadha. Ulianza kama walivyokuwa wenyewe, udongo na makuti. Baadaye ndipo ukajengwa kwa mawe, ukapanuliwa, mpaka leo ukiingia unaona jengo kubwa lenye kupakwa rangi nzuri. Lakini asili yake ni makuti, na ni vizuri kuikumbuka hiyo kila tunapokaa kwenye kamati zetu za ujenzi na kudhani kwamba msikiti huanza na marumaru.

Jina Riyadha maana yake ni mabustani. Lina uhusiano na mji wa Seiyun, Hadhramaut. Huko alikuwako mwanachuoni mkubwa, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915, naye alikuwa na msikiti na nyumba ya kusomea wanafunzi, na msikiti wake huitwa Riyadh. Habib Swaleh alikuwa na mawasiliano naye, na akaifuata njia yake katika kusomesha na katika kumsifu Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo bustani ya Lamu ilikuwa mche uliotolewa Seiyun ukapandwa kwenye mchanga wa Langoni.

Chuo kile kilikuwa cha namna gani? Mwanafunzi alisoma Qur'ani, akasoma lugha ya Kiarabu, nahau na sarufi yake, akasoma fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafii, hadithi, tafsiri, na mambo ya kuusafisha moyo. Waliotoka mbali walilala palepale. Wakaja wanafunzi kutoka kila upande wa pwani, na baadaye kutoka bara, wakakaa miaka, wakarudi kwao wakafungua vyuo. Vyuo vingi mnavyoviona leo Kenya na Tanzania, ukiuliza mwalimu alisoma wapi, na mwalimu wa mwalimu wake alisoma wapi, mara nyingi utafika Riyadha. Hata hapa kwetu ukianza kuhesabu walimu kwenda nyuma, huendi mbali kabla ya kufika Langoni.

Na vitabu vilipatikanaje? Wakati ule vilivyochapwa vilikuwa vichache na ghali. Watu walinakili kwa mkono, herufi baada ya herufi, wino wa kuchovya. Wengine walikiandika kitabu kikiisha wakakiweka wakfu, yaani hakiuzwi wala hakirithiwi, kinakaa chuoni kisomwe na yeyote anayetafuta elimu. Baadhi ya miswada hiyo bado imehifadhiwa Riyadha, na imepigwa picha ili isipotee. Nakutajia hili kwa sababu Ramadhani ndiyo mwezi wa sadaka, na wengi tunajua sadaka ya tende na mchele tu. Kuna watu wa Lamu waliotoa kitabu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mpaka leo, inshaAllah, thawabu inawafika huko waliko.

*Matwari na Maulidi*

Tukifika hapa najua baadhi yenu mnasubiri niseme nini. Tuseme kwa utulivu.

Kabla yake Lamu ilikuwa na maulidi. Yalisomwa Barzanji, na mara nyingi katika hali ya utulivu na heshima za kimji, nani akae wapi, nani asome, nani apewe ubani kwanza. Habib Swaleh akaleta Maulidi yaliyotungwa na yule Habib Ali wa Seiyun, ambayo sisi huyaita Maulidi ya Habshi. Yakasomwa msikitini kwa matwari na kwa sauti za pamoja, na waliokaa wakisoma walikuwa ni wale wanafunzi wake wa Langoni. Hata ngoma ya uta, iliyokuwa ya watu wa mashamba, haikufukuzwa uwanjani pa msikiti siku za furaha ile.

Wapo waliokataa. Twari ndani ya msikiti kwao lilikuwa jambo geni, na walikuwa na hoja zao za kielimu. Mjadala ule haujakwisha mpaka leo, mnaujua, mnausikia kwenye mihadhara na kwenye simu zenu kila Mfungo Sita ukiingia. Leo sikuja kuufungua tena mjadala huo. Wanavyuoni wametofautiana, na kila mmoja amfuate anayemwamini kwa elimu, bila kumtukana mwenzake.

Ninachotaka ulione ni alichokuwa akikitafuta mzee yule. Alikuwa na watu ambao maisha yao yote walikuwa wanakaa mlangoni kwenye shughuli za wengine. Wanapika, wanachota maji, wanasikia sifa za Mtume kutoka uani. Yeye aliwataka waingie ndani, washike twari, wainue sauti zao, wajue kwamba Mtume huyu ni wao pia na si wa mabwana zao peke yao. Mtumwa akipaza sauti kumsalia Mtume ndani ya msikiti, na sharifu amekaa kando yake anaitikia, hapo kuna darsa ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa.

Habib Swaleh alijulikana pia kwa kutibu. Yeye mwenyewe aliijua njia ya kuvuka bahari kutafuta dawa, na baadaye watu wakawa wanamjia yeye, wakileta wagonjwa wao. Alitibu kwa dawa za miti na kwa dua, bila kubagua nani ana fedha na nani hana. Katika mji ambao watu wa makuti waliugua na kufa bila mtu kuwauliza, kuwa na mlango wa kubisha usiku lilikuwa jambo kubwa.

*Sheria iliandika huru, lakini watu je?*

Turudi kwenye ule mwaka wa 1907. Serikali ya Kiingereza ilipofuta utumwa pwani, maelfu ya watu wakawa huru kwenye karatasi. Lakini mtu aliyeachwa huru leo, kesho anaenda wapi? Ardhi hana. Jina la ukoo hana. Akienda kuposa anaulizwa babu yake ni nani. Akienda msikitini anajua mahali pa kukaa, na si mbele.

Riyadha ilikuwa imekwisha kuwapo wakati huo. Yule aliyekuwa na elimu alikuwa na kitu cha kusimamia. Angeweza kuwa mwalimu wa chuo, msomaji wa maulidi, mtu wa kuitwa shehe na watoto wa mtaa mwingine. Sheria ilimtoa kwenye mkono wa bwana, na chuo kikampa mahali pa kukaa katika jamii. Sisemi kwamba ubaguzi uliisha Lamu, wala pwani kwa jumla. Haukuisha, na nyote mnajua maswali yanayoulizwa mpaka leo wakati wa kuposa. Lakini mtu mmoja na kibanda chake alifanya sehemu yake, na alianza kabla ya serikali kuamka.

*Kufariki kwake na ziara*

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, umri wake umepita miaka 80, akazikwa palepale Lamu. Mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, akaishika kazi, na baada yake watoto na wajukuu. Maulidi ya Riyadha yakaendelea kila mwaka, mpaka yakawa mkusanyiko mkubwa kuliko yote ya namna yake katika Afrika Mashariki. Wanakuja watu kutoka Tanzania, Uganda, Ngazija na Hadhramaut. Siku ya mwisho watu hukusanyika makaburini kwa ziara, wanasoma, wanaomba dua, kisha zefe linatoka na bendera na matwari kupita mjini na pwani mpaka msikitini.

Sasa ziara yenyewe, kwa sababu wapo wanaouliza kila mwaka.

Kuzuru makaburi kumeruhusiwa, na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kunakumbusha akhera. Ukifika, toa salamu kwa waliolala pale, waombee maghufira. Soma unachoweza cha Qur'ani. Ombea wazazi wako. Kisha geuza moyo wako kwa Mwenyezi Mungu, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayetoa mtoto, anayeponya, anayefungua riziki. Usimwombe maiti akupe. Usisujudie kaburi, usilizunguke kama unavyozunguka Al-Kaaba. Habib Swaleh angekuwa hai angekuwa wa kwanza kukushika mkono akakuinua, maana maisha yake yote aliwafundisha watu kumsujudia Mola mmoja na kutomsujudia bwana yeyote. Na wewe unayeona kwamba safari ya ziara haikupendezi, una wanavyuoni unaowafuata, lakini usimkejeli mwenzako anayekwenda kuomba rehema.

Halafu lipo jambo ambalo halisemwi sana. Kaburi la mtu mwema lina swali kwa mgeni wake. Mzee huyu aliwafungulia mlango watu ambao mji uliwafungia. Wewe uliyetoka mbali kuja kumsalimia, kwenu mlango umefunguka? Kama tunakwenda Lamu na bendera, tukirudi tunaendelea kuwafungia walewale, basi miguu imezuru na moyo umebaki nyumbani.

*Langoni yetu iko wapi?*

Hapa ndipo nataka tuzungumze kama watu wa msikiti mmoja.

Mnaijua sura ya Abasa na sababu ya kushuka kwake. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makuraishi, ana matumaini wataingia katika Uislamu na watu wao wawafuate. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, anataka kufundishwa. Mola akateremsha aya kumfundisha Mtume wake, na sisi sote, kwamba yule aliyekuja mwenyewe huku akimcha Mungu ndiye mwenye haki ya kusikilizwa. Aya hizo tunazisoma kwenye tarawehe kila mwaka zikifika juzuu ya Amma. Tunazisoma kwa tajwidi nzuri, tunapita.

Haya, tujitazame. Nani anakaa kwenye Langoni yetu leo?

Kijana wa bodaboda anayeingia kuswali na koti la vumbi, tunamtazama viatu kabla ya kumjibu salamu. Dada wa kazi aliyetoka bara, anafunga na sisi, anapika futari yetu, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua Al-Fatiha vizuri au angependa kufundishwa. Waliosilimu, tunawapigia takbiri siku ya shahada, tunawapiga picha, wiki ya pili hawana hata mtu wa kufuturu naye. Vijana waliokuwa kwenye unga na sasa wanajaribu kuacha, wakija msikitini tunashika mifuko yetu. Ndugu asiyeona, asiyesikia, anayetembea kwa magongo, na ngazi zetu hazina mteremko. Mtoto ambaye ada ya chuo imemshinda mzazi wake, akaacha kuja kimyakimya, nasi tukafuta jina lake daftarini.

Kila mmoja wa hao Habib Swaleh angemkalisha mkekani. Nasema hivi kwa sababu ndivyo alivyofanya kwa watu wa hali kama zao, mwaka baada ya mwaka, katika mji uliomsema.

Na angalieni alivyoanza. Hakungoja wafadhili. Hakungoja jengo. Alikuwa na kibanda, elimu, na subira. Sisi tuna msikiti wenye feni, tuna vitabu, tuna simu zenye tafsiri nzima ya Qur'ani mfukoni. Tunachokosa ni kuhama kutoka Mkomani yetu. Mara nyingine huhitaji kuhama nyumba, unahitaji kuhama safu tu, uende ukakae na yule aliyekaa peke yake nyuma.

*Kazi ya leo*

Kama ilivyo kawaida yetu, darsa bila kazi ni maneno tu.

1. Leo wakati wa kufuturu msikitini, kabla ya kukaa na marafiki zako, tafuta mtu mmoja usiyemjua. Kaa naye. Muulize jina lake, ulikumbuke na kesho.

2. Kama nyumbani una mtu anayekufanyia kazi, mpe nusu saa kati ya alasiri na magharibi iwe yake. Kama anataka kusoma, msomeshe au mtafutie wa kumsomesha. Akina mama, darsa yetu ya Jumamosi asubuhi ni ya wote, waleteni.

3. Anayeweza kumlipia mtoto mmoja ada ya chuo kwa mwaka, azungumze na mwalimu wa chuo faraghani. Jina la mtoto halitatajwa, wala lako.

4. Na anayekusudia kwenda Lamu Mfungo Sita ujao, aanze ziara yake leo hapa hapa mtaani, ili akifika pale awe na la kumweleza Mola wake.

Ewe Mola, mrehemu mja wako Swaleh bin Alawi, na walimu wake, na wanafunzi wake wote, wenye majina tunayoyajua na wale ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Warehemu waliokufa wakiwa watumwa wa watu hali walikuwa waja wako. Tusamehe kwa kila mlango tulioufunga. Zifanye nyumba zako kwetu kuwa bustani, asirudi mtu kutoka mlangoni mwake akiwa na uchungu. Zikubali funga zetu, na utufikishe usiku wa Lailatul Qadri. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.

Ramadhani Karim. Kesho inshaAllah tutaendelea na hukumu za zakatul-fitri, kwa hiyo wenye maswali yatumeni mapema kabla ya alasiri.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.